UZI: Mwosha wa Kuze, mtoto wa Takaungu. Tuliomjua tuandike

#1 MjukuuWaKuze

Asalaam aleikum wote. Nyanya yangu alitangulia mbele ya haki mwezi uliopita, na tangu siku ile simu yangu haijapumzika. Huyu aniambia alimwosha maiti ya mamake. Yule aniambia alimwosha dadake aliyefia ukweni, usiku, mvua yanyesha, na hakutaka hata nauli ya kurudi. Mengi ya hayo sisi tuliolala naye nyumba moja hatukuyajua. Nimeona tuyaweke pahala pamoja. Jina lake silitaji, ami zangu wameomba hivyo, na aliyekaa Kuze au Kibokoni, hapa Mji wa Kale Mombasa, hahitaji kutajiwa. Kwa wengine: ni yule bibi mfupi wa buibui la kamba, aliyekataa katakata kuvaa haya mabuibui ya vifungo mpaka mwisho wake.

Wengi walidhani ni mzaliwa wa Mji wa Kale. Siye. Ni mtoto wa Takaungu. Ukitoka Mombasa kwa njia ya Malindi, ukapita Mtwapa na mashamba ya mkonge ya Vipingo, kabla hujafika Kilifi wakunja mkono wa kulia kuelekea baharini. Ndio mji wenyewe, mwisho wa njia, juu ya hori la bahari. Mazrui waliukamata baada ya Sayyid Said kuwatoa Mombasa mwaka 1837, wengine wakaenda Gazi, wengine wakatua hapo. Kwa hivyo si kijiji cha juzi, una makaburi ya watu wakubwa. Lakini ni mji mdogo. Alikuwa akisema Takaungu watu wajuana hata kwa kikohozi: mtu akikohoa gizani, walioko barazani wamtaja jina.

Kitambulisho chake kimeandikwa 1938. Yeye alishikilia kwamba karani alimtazama uso akakisia, na kwamba alimwongeza miaka kwa sababu siku hiyo alikuwa amechoka.

Babake alikuwa akitega malema ya samaki. Mamake alisuka ukili, mikeka mizuri, na ndiyo iliyomsomesha chuo cha Kurani, kwa maana mwalimu alilipwa mikeka. Skuli hakuingia hata siku moja. Ila Kurani aliihitimu akiwa kigori, na Kiswahili alikisoma na kukiandika kwa herufi za Kiarabu, upesi kuliko mimi ninavyoandika ujumbe wa simu. Maji yakipwa wakati wa bamvua, mchanga wa lile hori watokeza, na watoto wa kike walishuka na vikapu kuokota kombe na chaza. Alikuwa na kovu la chaza kwenye kisigino. Alilionyesha kwa fahari, kama askari aonyeshavyo kovu la vita.

Kuosha maiti alikuanza huko huko. Hakuna aliyemwita akamwambia leo nakufundisha. Nyanya yake alikuwa akienda kwenye msiba, yeye ambebea ndoo. Kisha akawa wa kumimina maji. Kisha siku moja bibi mmoja akamwambia, shika kichwa. Basi.

Naendelea chini, mikono imechoka.

#2 NahodhaMstaafu

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mola amlaze pema. Mimi nilimjua mumewe zaidi, tulikuwa bandarini Kilindini pamoja, yeye gatini, mimi kwenye matishari. Mtu mpole, sauti ndogo. Tulikuwa twamtania kwamba yeye halazimiki kuogopa kifo kwa sababu kila siku anakula chakula cha mkono wa mkewe mwosha. Alikuwa akicheka tu.

#3 BintiBondeni

Subhanallah. Mimi ni mmoja wa wale watoto waliokuwa wakivuka upande wa pili wa njia wakimwona. Tuliambiana mikono yake ni baridi, akikushika tu usiku huo waota maiti. Siku moja alinidaka pale karibu na duka la mkaa, akanishika mkono kwa nguvu, akaniuliza, "Baridi?" Nikasema la. Akasema, "Haya, nenda kawaambie wenzio." Akanipa kashata. Mkono ulikuwa na moto na wanukia iliki.

#4 MjukuuWaKuze

@BintiBondeni hahaha, hiyo ndiyo yeye. Alijua vizuri sana mwasema nini. Watoto wa mtaa mzima.

Naendelea. Aliolewa mwaka wa mgomo wa bandari, 1955. Wazee hapa waukumbuka, ulikuwa mwezi wa tatu, makuli waliweka kazi chini, akaja Tom Mboya kusuluhisha. Babu alikuwa mmoja wa waliogoma. Kwa hivyo mahari yalikuwa yamekwisha kuandaliwa na bwana harusi hana mshahara! Babake bi harusi alisema mtu asiyekubali kuonewa na Mzungu ndiye wa kumwoza binti, wakafunga ndoa. Walikuja Mombasa kwa basi, na Daraja la Nyali wakati huo ni lile la maboya lililowekwa 1931, la kulipia, likipandwa na gari lacheza. Alifumba macho mpaka ng'ambo. Mwaka 1980 lilipofunguliwa daraja hili la sasa, alilivuka kwa miguu kwa makusudi, macho wazi, kwenda na kurudi, akasema sasa deni limelipwa.

Walipewa chumba Kuze, ghorofani, dirisha latazama ukuta. Kwa mtu aliyezoea hori, alilia mwezi mzima. Alisema kilichomuumiza si nyumba. Ni kwamba watu walipita chini ya dirisha na hakuna aliyemjua kikohozi chake.

Sasa nieleze jambo la kwanza, kwa sababu ndilo lililomfanya awe aliyekuwa. Katika nyumba ile kulikuwa na mwanamke mpangaji wa chumba cha chini, akiuza viazi vya karai jioni. Alikuwa ametoka mbali, hajulikani vizuri wapi. Akafa. Asubuhi majirani wakajaa ukumbini, na kila anayeingia auliza swali moja: ana nani huyu? Ana ndugu? Ni wa watu gani? Mmoja asema ni wa Barawa, mwengine asema la, ni wa Mrima. Wengine wakasema wangojewe jamaa zake, pengine watatokea. Jua lapanda. Nyanya alikuwa na umri wa miaka kumi na saba hivi, mke mpya, mgeni, hajui hata marikiti iko wapi. Akashuka ngazi na ndoo yake. Akasema, "Kwetu hatuulizi. Nipani maji."

Alipokuwa akinihadithia hakujisifu, alikuwa bado ana hasira! Miaka sitini baadaye bado ana hasira na lile swali. Kwao Takaungu maiti hana wenyewe, maiti ni wa mji. Aliyekuwapo ndiye mwosha. Hakuweza kufahamu vipi watu wenye Kurani vifuani mwao wakae wakichunguza ukoo wa mtu aliyelala anangoja josho. Wanawake wawili walimfuata kumsaidia, mmoja wao akawa shoga yake mpaka alipofariki yeye mwenyewe, na nyanya ndiye aliyemwosha.

Tangu hapo wakamwita. Kwanza Kuze, kisha Kibokoni, Mkanyageni, Bondeni, mpaka Majengo na Tudor. Hakuwahi kutaka malipo. Chai ya tangawizi, ndiyo aliyokuwa akiitaka baada ya kazi, na ole wao walioisahau. "Maiti haulizwi sanda," atasema, "lakini mwosha huulizwa chai."

#5 MtotoWaGuraya

Nimecheka na huku machozi yanitoka. Endelea dadangu.

#6 MjukuuWaKuze

Kabla sijasahau, msimfikirie kuwa mtu wa huzuni. Alikuwa mtu wa raha sana. Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, yeye alimpenda mpaka babu akawa ana wivu wa mzaha. Kanda zake zilikuwa kwenye bati la biskuti na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Harusi ya mtaa bila yeye haikuwa harusi, alikuwa akipiga pembe za vugo mpaka viganja vyekundu. Na ujanani alikuwa mchezaji lelemama, ile ngoma ya wanawake. Alipofika Mombasa aliwakuta akina mama wamegawanyika, hawa Ibinaal Watan, hawa Banu Saada, wakishindana kwa sare, kwa nyimbo, kwa biriani, hata waume wauza vitu nyumbani ili wake zao wasiaibike. Aliingia upande mmoja. Upande gani sisemi, kuna nyanya za watu humu ndani na vita vile havijaisha.

#7 NdugyeMnasihi

Samahani dada, nakunasihi kwa mapenzi. Tumeamrishwa tutaje mazuri ya maiti wetu. Haya ya ngoma na lelemama ya nini tena kuyaandika hapa wakati mama amekwenda zake? Mtu aliyekhitimu kwa kuosha maiti wa Kiislamu, mwaja kumtaja kwa ngoma. Futa hiyo sehemu.

#8 BintiBondeni

Ndugyangu mwenyewe umejuaje kama hayo si mazuri yake?

#9 NahodhaMstaafu

Taratibu vijana. Ni msiba huu.

#10 MjukuuWaKuze

@NdugyeMnasihi nasiha yako nimeipokea na najua umesema kwa nia njema. Sifuti. Nitakwambia kwa nini.

Ngoma zile aliziacha mwenyewe, hakuna aliyemuachisha. Mambo yalikwisha, sare zikawa ghali, akina mama wakaingia mambo ya vyama vya maendeleo na madrasa. Lakini alikuwa akisema kwamba mitaa aliijulia kwenye lelemama. Mke mgeni wa kutoka Takaungu, anayekaa chumba cha ghorofani, angemjua vipi mwanamke wa Makadara au wa Mwembe Tayari? Kule ndiko walikojuana, wakajua nani ana mgonjwa, nani mjane, nani hana mtu. Nusu ya wale waliompelekea habari za msiba usiku walikuwa wachezaji wenzake, wa upande wake na wa upande wa pili. Ukikata lelemama, huwezi kueleza vipi mwanamke mmoja asiye na simu alifika kwenye misiba ya Mombasa nzima kabla ya maji kuchemka.

Na jengine: aibu ya maiti aliijua kuliko mimi na wewe. Mwosha ni mtu wa siri. Aliona miili ya wanawake wa mji huu kwa zaidi ya nusu karne, aliona alama za fimbo, aliona makovu ya moto, aliona mengine siwezi kuandika. Hakusema. Mara moja tu katika maisha yangu nilimwona atoka kwenye josho, akaenda moja kwa moja kwa mume wa marehemu aliyekaa kwenye jamvi na wanaume wenzake, akasimama mbele yake, akamtazama. Hakutamka neno. Yule bwana aliinamisha kichwa, na wiki ile ile akahama mtaa. Mtu aliyejua kusitiri hivyo, mimi siogopi kusema kwamba alicheza ngoma.

#11 NdugyeMnasihi

Nimefahamu. Mola amrehemu.

#12 ShangaziLikoni

Niliona uzi huu tangu mchana, nikawa najizuia. Naandika sasa.

Nyinyi wa kisiwani mwamjua kwa misiba ya mitaani. Sisi wa ng'ambo twamjua kwa feri ya Mtongwe. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, watu wanakwenda kazini, wengi wao. Ilizama karibu sana na nchi, na watu zaidi ya 250 walikufa. Nilikuwa na binamu yangu ndani yake. Vijana wa leo hawajui siku zile zilivyokuwa. Jeneza zikaisha. Sanda zikawa zatafutwa Barabara ya Biashara, wenye maduka wakawa wakata kitambaa cha marekani bila kupima wala kuuliza pesa. Na waosha wanawake ni wachache, na maiti za wanawake ni nyingi, na nyengine zilitoka majini baada ya siku mbili tatu. Mwajua maji hufanya nini.

Yule mama alivuka kuja kwetu na wanawake wanne, na walikuja kwa feri ya Likoni wakati watu wengine wanaogopa hata kuutazama mkondo. Sikumjua, nilimwona tu bibi mfupi akikunja mikono ya kanzu. Binamu yangu alitoka siku ya tatu. Kulikuwa na watu waliosema huyu afungwe tu kwenye plastiki azikwe, haoshiki. Yeye akasema aliyekufa maji ana daraja ya shahidi, lakini shahidi huyu anaoshwa na anaswaliwa, si kama wa vitani. Akamuosha kwa kummiminia tu maji, pole pole, bila kumsugua, akisema naye kama asemavyo na mtoto mchanga: "Haya mamangu, geuka kidogo. Haya, tumekwisha." Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Mpaka leo sijui nilisimama vipi.

Halafu akaulizwa, na hawa wengine je, wanawake ambao si Waislamu, jamaa zao wamefika kutoka bara, hawajui pa kuanzia? Akawasaidia nao, akawafunika, akawaambia mama zao watu wenu wana maombi yao, mimi ni maji tu.

#13 KijanaWaTudor

Ya Allah.

#14 MjukuuWaKuze

Shangazi, ahsante. Hili hakutuambia hata siku moja. Twajua tu kwamba mwaka ule alirudi akalala siku kadhaa, na kwamba tangu hapo hakula samaki mwaka mzima. Mtoto wa mvuvi! Babu alikuwa akinunua changu, yeye akimpikia na asionje. Tulidhani ni maradhi ya tumbo.

#15 KijanaWaTudor

Naomba niulize na msinicheke. Mamangu alifariki mwaka jana hospitalini na sisi nyumbani ni wanaume watupu. Tulisimama kama magogo mpaka jirani akatuletea mama wa kuosha. Nilijisikia vibaya. Kwani kazi yenyewe huwa vipi? Nataka dada zangu wadogo wajifunze.

#16 MjukuuWaKuze

Hakuna wa kukucheka ndugyangu. Pole sana. Na ujue kwamba babako, kama yuko hai, angeweza kumuosha mkewe mwenyewe, sheria yaruhusu. Watu wengi hawajui.

Nitaeleza kama alivyonifundisha, kwa ufupi, na dada zako wamwendee mwalimu wa kike wakamilishe. Kitanda cha kuoshea kiinuke kidogo upande wa kichwa, maji yapate njia. Majumba ya zamani yalichimbwa ufuo chini ya kitanda, yale maji yakaingia humo yasikanyagwe, siku hizi ni beseni na mpira. Waingie wa kuosha na wa kusaidia tu, si wa kutazama. Nguo ivuliwe chini ya shuka, na tangu kitovu mpaka magoti asifunuliwe kabisa. Anayeosha avae kitambaa mkononi. Mwinue kidogo, mkono upite tumboni kwa upole ili kilichobaki kitoke, kisha asafishwe, kisha atawadhishwe kama utakavyotawadha wewe kwenda kuswali. Kichwa kwanza, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Maji yawe na majani ya mkunazi yaliyopondwa, na ya mwisho yawe na karafuu maiti. Mara tatu, na ikihitajika tano, iwe witiri, yaani isiyogawika kwa mbili. Nywele za mwanamke zafumuliwa, zaoshwa, zasukwa mikia mitatu ikalazwa nyuma. Sanda ya mwanamke vipande vitano: shuka ya kiunoni, kanzu, ukaya wa kichwani, na mbili za kumzunguka.

Hayo yamo vitabuni. Ambayo hayamo ni haya yake. Maji yasiwe baridi, ayapime kwa kiwiko kama ya mtoto. Usiseme "hii", sema "huyu". Usizungumze habari zako juu ya maiti, wala bei ya nyama. Ukiona zuri usoni mwake waambie watu wake, ukiona baya umeze. Na ukimaliza usikimbie kuosha mikono mbele ya wafiwa, watadhani waona mtu wao ni uchafu. Ngoja, toka, kaoshe nyuma ya nyumba.

#17 KijanaWaTudor

Nimeihifadhi. Jazakillahu kheir.

#18 MvitaAsilia

Poleni. Lakini mimi nina swali la haki. Mwamwita mwosha wa Kuze, mama wa Mji wa Kale, nguzo ya Mvita. Mvita, yaani Mombasa, ina wenyewe, Thenashara Taifa, zile taifa kumi na mbili za Waswahili, Miji Tisa na Miji Mitatu. Huyu mama ni wa Takaungu, na nasikia jamaa zake walikuja na basi zima kumtaka wakamzike kwao. Mbona hamkuwapa?

#19 MtotoWaGuraya

Wewe nawe ndiye yule wa "ana nani huyu?" wa mwaka 1955. Hujafa tu?

#20 MvitaAsilia

Nimeuliza kwa adabu.

#21 MjukuuWaKuze

Mwacheni, swali lake ni sahihi, na jamaa wa Takaungu walikuwa na haki ya kuuliza. Basi lilikuja kweli, wazee kwa vijana, na mikeka yao na nazi zao na mchele wao, kwa sababu mtu wa Takaungu haendi msibani mikono mitupu akawa mzigo juu ya mzigo. Walimtaka. Ami yangu mkubwa akawaambia kwamba alishausia: nifukieni nitakapofia, upesi, msinizungushe kwenye magari. Kuharakisha ndiyo suna. Wakanyamaza kidogo, kisha mzee mmoja wao akasema kama ndivyo alivyosema, ndivyo. Amelala Kikowani. Walioingia kaburini kumpokea, wawili walikuwa wetu na mmoja wao.

Ama kuwa wa Mvita au si wa Mvita, yeye mwenyewe hakujiita mtu wa Mombasa hata siku moja. Akiulizwa kwenu wapi, baada ya miaka zaidi ya sitini Kuze, ajibu Takaungu. Watoto aliozaa hapa wakikosea adabu, awaambia "nyinyi watu wa Mombasa". Kwa hivyo ndugu yangu hakuna cheo chako alichokichukua.

#22 NahodhaMstaafu

Hapo umejibu mwanangu.

#23 JiraniWaNdiaKuu

Mimi niseme la korona, kwa sababu nilikuwa karibu. Mei 2020, Mji wa Kale ulipofungwa, hakuna kutoka hakuna kuingia, askari kwenye kila njia. Mtu akifa hospitalini kwa maradhi yale, maiti yaletwa na watu waliovaa kama wa mwezini, imefungwa, watu wachache makaburini, hakuna josho. Waliotaka waliambiwa tayamamu, ya mchanga badala ya maji, wengine hata hiyo haikuwezekana. Yule mama alikuwa amekaa kwenye baraza yake, zaidi ya miaka themanini, amekatazwa na wanawe asishuke hata ngazi. Alikuwa akiniita nikipita: "Leo nani?" Nikimwambia jina, afunga macho. Kisha aniambia, "Huyu nywele zake nalizisuka mimi siku ya harusi yake." Nilianza kupita njia nyengine nisiulizwe.

#24 MjukuuWaKuze

Wakati ule ndio aliponifundisha mimi kwa bidii. Alinilaza kitandani mimi mwenyewe, akamweka binamu yangu awe mwosha, yeye akikosoa kutoka kitini. Alisema kama wazee wote wataondoka kwa mkupuo mmoja, na maarifa yaondoke nao, basi wajukuu watakuja kuuliza "ana nani huyu?" na jibu liwe hana mtu.

Nilimwosha mimi, na binamu, na yule mama wa Mkanyageni ambaye alikuwa msaidizi wake. Ukaya wa sanda alikuwa ameukata zamani na kuuweka kabatini na udi. Mwosha huoshwa, kila mtu alikuja akaniambia hivyo siku ile, nikaitika. Kazi ilikuwa rahisi. Alikuwa mwepesi.

#25 BintiBondeni

Sasa nani amebaki wa kuosha upande huu? Swali la kweli. Juzi kulikuwa na msiba Bondeni na mama wa kuosha alitoka Kisauni, foleni ya daraja ikamweka, wakazika baada ya magharibi.

#26 MjukuuWaKuze

Tupo watatu Kuze, na yule wa Mkanyageni ingawa magoti yamuuma. Twaanza kufundisha Jumamosi baada ya alasiri, nyumbani kwetu, wanawake tu, bure. Njooni na shuka kuukuu. Wanaume waulizie msikitini kwao, Mandhry na Basheikh kuna wazee bado. Kijana wa Tudor, walete dada zako, nauli nitarudisha mimi.

#27 MamaWatatu

Asalaam aleikum. Samahani kwa kuingilia, najua si wakati wake, nimeona haya kusema kwenye simu. Marehemu ndiye aliyekuwa akishika mchezo wetu wa kupeana pesa kwa zamu. Tulikuwa kumi, elfu mbili mbili kila mwezi. Zamu yangu ilikuwa mwezi huu. Sidai, nauliza tu kama kuna anayejua habari zake. Kama zimetumika kwenye msiba, mimi nimesamehe duniani na akhera.

#28 MjukuuWaKuze

Wa aleikum salaam mamangu. Hukuingilia, na usisamehe, deni la maiti hulipwa kabla ya mirathi kugawanywa, ami zangu wanalitafuta hilo hasa. Daftari tumelipata chini ya bati la kanda za Bhalo. Ameandika kwa herufi za Kiarabu na hapa nyumbani aliyebaki kuzisoma vizuri ni mimi, ndiyo maana tumechelewa. Pesa za mwezi huu zimo, elfu kumi na sita, kwenye bahasha. Wawili bado hawajatoa, na majina yao nimeyaona, nitawapigia mwenyewe. Jina lako lina alama ya nyota na maandishi pembeni: "mtoto wake aingia skuli mwezi wa kwanza, asicheleweshwe". Njoo kesho baada ya alasiri, au nipe nambari kwenye ujumbe wa siri nikutumie kwa simu. Na mchezo unaendelea. Binamu yangu ataushika, ila kwa daftari la herufi za kizungu, mtatusamehe.

#29 MamaWatatu

Nitakuja mwenyewe. Naja na mahamri.